Mkono Usioachia

Watu wa kwetu hawaachi mkono upesi. Ukipewa mkono na Mswahili wa Maskati umeshikwa, na utakaa umeshikwa mpaka uulizwe khabari zako, za watoto, za wazee, nani kaumwa na nani kasafiri, na ukishajibu kheri, alhamdulillahi, unaulizwa tena upya kama vile jibu la kwanza halikusikika. Anayevuta mkono wake kabla ya hapo ana haraka, na mwenye haraka hakulelewa. Mie nimekulia katika adabu hiyo, nikaisomesha skuli miaka yote niliyokuwa mwalimu, na mpaka majira haya ya baridi ningekuapia kwamba haijamdhuru mtu. Sasa nikiona watu wawili mlangoni wameshikana mikono natazama vidole. Natazama nani anaachia na anaachia vipi, na siondoi macho mpaka waachane.

Naandika haya nyumbani kwangu Hail, hapa hapa Maskati, chumba cha mbele, madirisha nimeyafunga na kiyoyozi sikiwashi tena hata mchana. Simu iko pajani. Raya, binti yangu wa pekee, ana mimba kubwa, tena ya kwanza, na kila simu ikilia nashituka. Pale pembeni limeegemea gita la marehemu kaka yangu Khelef. Wallahi gita hilo ndilo lililonifumbua macho. Lisingerudi, leo ningekuwa nashona vinguo vya mtoto na kubishana na wakwe juu ya jina, kama bibi mwengine yeyote.

Khelef alifariki mwaka ule ule alionifundisha kupiga gita, mie nikiwa na miaka kumi na saba na yeye kijana wa kuoa. Mama alilitoa gita nyumbani siku za matanga na hakuna aliyethubutu kumuuliza kalipeleka wapi. Nilidhani kalitupa. Kumbe alimpa Nasor, rafiki yake Khelef wa kufa na kuzikana, na Nasor akahama nalo kila alikohama, mpaka mwaka jana tulipokutana kwenye posa ya watu Mabela, yeye mzee wa fimbo na mie mjane mwenye mvi. Aliniamkia kwa mbali, mkono kifuani, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ana amana yangu na hataki kufa nayo. Siku ya pili dereva wake alikuja na gita limeviringwa blanketi. Nililifungua peke yangu. Lilinuka mbao kavu na uvumba, na nikalia kama aliyekufa kafa jana.

Raya aliniona kila akija nalipangusa vumbi bila ya kulipiga. Akaniambia siku hizi hata Kurani watu wanasomeshwa kwa simu, seuze gita, na kabla sijasema hapana keshanitafutia mwalimu. Mwalimu Faraja ni binti wa Morogoro, anasomesha kwa video kutoka chumbani kwake, nyuma yake pazia la maua na jogoo asiyejua kunyamaza. Kila Jumamosi asubuhi ananiamkia shikamoo mama, tunachekana kidogo, yeye na Kiswahili chake cha bara na mie na 'khabari' yangu inayotokea kooni, iliyomfanya aniulize kama nna mafua. Kisha ananiambia niugeuze mtambo. Kamera inaangalia mkono wangu wa kushoto tu, pale vidole vinapobana nyuzi. Uso wangu haumhusu. Miezi mizima binti yule hakuona kitu changu ila mkono, na sidhani kama kuna mtu duniani aliyewahi kuutazama mkono huu kwa makini namna ile, hata marehemu mume wangu.

Mwanzo ilikuwa furaha tupu. Vidole vilikumbuka mambo ambayo mie mwenyewe nilishayasahau. Mkao mmoja unaita mwengine, na mara nikajikuta napiga kitu kizima bila ya kujua kinatoka wapi. Faraja akafurahi, akasema mama wewe si mwanafunzi, wewe ulikuwa umelala tu. Lakini baada ya wiki chache akaanza kusema jambo moja kwa upole, na kila Jumamosi akilirudia. Alisema nabana vizuri ila nachelewa kuachia. Vidole vinabaki kwenye nyuzi wakati sauti inayofuata ishaanza, na sauti mbili zinachanganyika. Nikamjibu, tena kwa kiburi, kwamba hilo si kosa, hiyo ndiyo mikono ya kwetu, kaka yangu alinifundisha hivyo na watu wakija kutoka Matrah kumsikiliza kwa sababu hiyo hiyo. Faraja akasikiliza tena, akakubali kwamba ina ladha yake. Mambo yakaishia hapo.

Na kweli Khelef alinifundisha hivyo. Mwaka ule tulikuwa tumepanga nyumba mtaa wa Wadi Kabir, nyuma ya gereji, kutwa nzima nyundo za wanaonyoosha mabati ya magari, na jioni zikinyamaza ndipo unaposikia watu wanazungumza. Chumba cha Khelef kilikuwa uani, kimeegemea jabali, na jua likishaondoka kinapoa kuliko nyumba nzima. Kitanda, sanduku la nguo, mkeka, na msumari ukutani wa kutundikia gita. Mama yuko jikoni ng'ambo ya ua, anakuna nazi za Bombei na kuzilaumu kwamba hazina tui, na harufu ya papa mkavu imejaa mpaka kwenye mito. Khelef akifanya kazi ya kufunga simu maofisini, anarudi alasiri kutoka kwenye vyumba vyenye baridi ya mashine, na kabla ya kunena lolote ananiambia, Zuwena, lete birika. Namletea birika la maji ya moto na beseni. Anachanganya, anaitumbukiza mikono yote miwili, anaikunjakunja ndani ya maji mpaka inapata rangi, ndipo anapolishika gita. Mama akimuona kupitia dirisha la jikoni akidhani anatawadha. Alijisifu kwa majirani wote kwamba mwanawe hakai bila ya udhu.

Akinikalisha mkekani akinipangia vidole kimoja kimoja. Alikuwa mpole, sikumbuki kunikemea. Alisema, "Usikiondoe kidole mpaka mwenziwe kishafika. Usiwe na haraka kama mgeni anayekataa kahawa." Mie nikimtazama mkono wake na kuufuata. Aliviacha vidole nyuzini, kisha vikanyanyuka polepole, cha mwisho kidole kidogo, na sauti ikabaki hewani imening'inia juu ya mwenziwe. Siku nyengine kidole hakinyanyuki kabisa, na yeye akikitoa kwa mkono wa kulia huku anacheka na kusema gita linampenda, halitaki kumwacha. Na mie nikicheka. Usiku ule ule nikijilaza nikifanya mazoezi hewani ya kuchelewa kama yeye.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa gita, ilikuwa mkono. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, pazia tu baina yetu na ukumbi wa wanaume, na mgeni akiingia tulimsikia Khelef: marhaba, karibu, khabari za huko, wazee hawajambo, na yule mdogo aliyekuwa na homa. Anauliza na anaendelea kuuliza, na mkono wa mgeni umo ndani ya mkono wake. Wazee wakitoka hapo wakisema, kalelewa yule. Maneno hayo yalimlisha Mama kuliko chakula. Ndiyo yaliyoleta posa vile vile, maana Mzee Hamdan, aliyekuwa na binti mzuri na asiyeridhika na kijana yeyote, alimwambia mjomba wetu kwamba amepeana mikono na vijana wengi hapa mjini na wote wanaunyofoa kama wameguswa na kaa la moto. Huyu peke yake hakumuachia mpaka alipomaliza khabari zake zote. Mjomba alilileta neno hilo jikoni na vigelegele vikapigwa juu ya sufuria.

Baada ya hapo mambo yaliingia giza kidogo kidogo, na kila mtu alilipa giza lile jina analolijua. Khelef alianguka mara moja mferejini, akasema ni njaa. Akaanguka tena gerejini kwa Nasor, akasema ni joto. Mama akasema ni jicho, kwani watu wamemsifu mno mwanangu, na akawa anafukiza uvumba kila magharibi na kusomesha dua, na mgeni akisifu mkono wa Khelef yeye jikoni anasema mashallah kwa nguvu apate kusikika. Chakulani tulikula sinia moja, na nilimuona mara nyingi tonge limebaki kiganjani, anasubiri, anatabasamu, wengine wanamaliza nyama. Mama akasema mwanangu hana tamaa. Jioni moja niliwapelekea chai yeye na Nasor chumba cha uani, na kabla sijasukuma mlango nilimsikia Khelef akisema, "Mpaka nioe kwanza. Nikishaoa nitasema." Nilipoingia wakanyamaza wote wawili. Nilidhani ni mambo ya kazi, labda anataka kuhamia Dubai na anaogopa Mama atamzuia, na nikawa nna huzuni wiki nzima kwa safari ambayo haikuwapo.

Walikuja Alkhamisi baada ya alasiri, Mzee Hamdan na ndugu zake, kuja kukamilisha. Ilikuwa baridi, na Khelef alitoka kazini moja kwa moja, hakupata wakati wa birika. Jikoni halwa imeshapakuliwa, mie nashika trei ya vikombe vya kahawa nangoja kupiga hodi kwenye pazia. Tukamsikia anamkaribisha mzee, marhaba, marhaba, khabari za nyumbani, na mama watoto, na ile safari. Mzee akajibu. Khelef akauliza tena, na katikati ya neno sauti ikakatika, kama mtu aliyekumbuka kitu. Kisha tukasikia kishindo, na juu yake kishindo cha pili. Mama alipita kwenye pazia bila ya mtandio. Khelef alikuwa chini juu ya zulia, na Mzee Hamdan kapiga magoti pembeni yake, kavutwa naye, mkono wake bado umo ndani ya mkono wa Khelef. Ndugu zake wawili ndio waliomfungua vidole, kimoja kimoja. Hospitali walisema moyo tu, na siku hizo mtu akiambiwa moyo hakuuliza zaidi.

Matangani hapakuwa na maneno mengine. Kafa hajauacha mkono wa mgeni. Kafa na adabu yake. Wazee walilia kwa neno hilo, na Mzee Hamdan alilisimulia mpaka naye akaondoka duniani, na watoto wa ukoo wetu wakilelewa nalo. Ukivuta mkono haraka unaambiwa, mkumbuke ami yako Khelef. Mama aliishi kwa hadithi hiyo miaka yake yote iliyobaki. Nami niliishi kwayo. Nilipomzaa Raya na akaanza kuamkia watu, nilimsimamisha mlangoni nikamfundisha, usiachie kwanza.

Basi majira haya ya baridi yalipoingia, Faraja alinambia Jumamosi moja kwamba ana jambo la kunionesha, nisikasirike. Masomo yote yanahifadhiwa huko mtamboni, na alichukua la mwanzo na la wiki ile, akayaweka sambamba, mikono miwili, wote wangu. Tukatazama. Mkono wa mwanzo ulichelewa kuachia kwa mapenzi, unasikia kabisa kwamba anayepiga ametaka. Mkono wa pili ulichelewa kwa sababu haukuweza. Kidole kidogo kilikaa juu ya uzi kimejikunja, kikatetemeka, ndipo kikanyanyuka. Faraja akasema huenda ni baridi ya kiyoyozi, na umri, bibi yake pia ana baridi yabisi, basi kabla ya somo niwe naloweka mikono kwenye maji ya moto.

Nikaenda jikoni. Nikatia maji ya birika kwenye bakuli, nikachanganya, nikatumbukiza mikono, nikaanza kuikunja na kuikunjua. Na hapo hapo, nimesimama mbele ya dirisha langu la jikoni, nikamuona Khelef na beseni lake uani, na nikasikia sauti ya Mama anamwambia jirani kwamba mwanangu hakai bila ya udhu. Niliiacha mikono ndani ya maji yale mpaka yakapoa, naogopa kuitoa.

Nilirudi na nikapiga vizuri, vizuri kuliko wiki zote, na Faraja akapiga makofi. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikamuomba anitazame tena wiki ijayo bila ya maji ya moto na bila ya gita. Alishangaa lakini alikubali. Jumamosi ile niliuweka mkono mbele ya kamera, kiyoyozi kikinipuliza, nikakunja ngumi kwa nguvu zangu zote kama alivyoniambia, kisha akasema, haya mama, fungua. Nikaufungua. Mkono haukufunguka. Niliuamrisha, na ulikaa pale umefumba kama si wangu, na mie na binti wa Morogoro tukautazama, yeye kwake na mie kwangu. Vidole vikaanza kuachia kimoja kimoja, kidole kidogo cha mwisho. Jogoo aliwika na hakuna aliyecheka. Faraja akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi ni mwalimu wa gita tu. Hii si ya kwangu. Nenda hospitali."

Kabla ya hospitali nilimpigia Nasor. Sikumzungusha. Nilimuuliza kama Khelef alikuwa akishikilia mikono ya watu kwa adabu au kwa sababu nyengine.

"Zuwena," akasema, "alinambia mwenyewe. Alisema, Nasor, mie sishiki watu, mkono hautaki kufunguka. Asubuhi ndo kabisa. Basi naendelea kuwauliza khabari mpaka uachie."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu.

"Kwa posa ile. Alikhofu wakijua mgonjwa watavunja. Akanilisha yamini. Na alipokufa, watu wote wanamsifu, mama yenu anajiliwaza kwa sifa zile. Ningewavunjia vipi?"

Sikumlaumu. Nani angemvunjia Mama? Lakini niliweka simu nikalia kwa hasira, sijui hasira ya nani, kwa sababu kaka yangu kila siku alikuwa akiomba msaada mbele ya macho yetu, mkono wake umemshika mtu, na sisi tukimwambia mashallah.

Hospitali nilipokewa na daktari mwanamke, Muomani, mdogo kuliko Raya. Alinipa mkono, nikampa, kisha akaniambia kwa Kiarabu, sasa niachie. Wakati nangoja uachie hakuniuliza khabari yoyote. Alikuwa anatazama vidole tu. Alinigonga kiganja kwa kijinyundo, akaniuliza macho yangu yalisafishwa mtoto wa jicho lini, na mie sikuwa nimemwambia kwamba yalisafishwa, akanipima moyo, akanichoma sindano zinazosikiliza misuli. Akasema vipimo vya damu bado lakini yeye hana shaka. Ni maradhi ya misuli, inakaza halafu haijui kulegea, na yamo ndani ya damu ya ukoo. Kwa wengine yanaishia mkononi na machoni, kama mie, mpaka uzeeni. Kwa wengine yanafika moyoni mapema. Akaniuliza nani mwengine nyumbani, na nilipomsimulia Khelef aliacha kuandika. Akaniuliza kama nna watoto. Nikamwambia nnaye mmoja, mja mzito. Akasema kizazi kinachofuata mara nyingi huanza mapema kuliko kilichotangulia, na wengi hawajijui. Akasema kama binti yangu anayo, uchungu wa kuzaa na dawa ya usingizi vinaweza kuwa khatari kwake, na mtoto naye lazima aangaliwe kuanzia pumzi ya kwanza, na wazalishaji wasipojua watafanya wanavyofanya kwa kila mtu. Akasema aje wiki hii.

Ningekwambia kwamba nilikwenda moja kwa moja Mabela, lakini si kweli. Nilikaa na neno lile siku mbili bila ya kula. Raya amekaa huko kwa wakwe. Mkwewe, Bi Thuraya, ni mwanamke mwema, sina la kumsema, lakini ndiye aliyechambua ukoo wetu mpaka kwa mababu kabla ya kuikubali ndoa, nani alikuwa na sukari, nani alikuwa na wazimu, na tulimjibu kwa moyo mweupe kwamba sisi hatuna kitu. Tena tulimpa hadithi ya Khelef, kwa kujisifu. Sasa niende nimwambie nini? Na mjukuu wao yuko tumboni. Usiku niliwaza kwamba labda Raya hana, labda damu imemruka, kwa nini nimtie mwanangu khofu na nimvunjie nyumba. Halafu nikamsikia Khelef nyuma ya mlango: mpaka nioe kwanza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi kilishatuumbua mara moja na hatukuona.

Nilikwenda asubuhi. Ukumbi wao una kiyoyozi kama soko la samaki wa barafu, na Raya alikuwa kajilaza kwenye kochi, miguu imevimba, kikombe cha maziwa mkononi. Alijiinua kuniamkia. Alinishika mkono, akaubusu, akaanza kuniuliza khabari, na za jirani, na za Mwalimu Faraja na jogoo wake, na mie nikimjibu kheri huku sisikii ninalosema. Alikuwa hajaniachia. Nikamwambia, mwanangu, nipe mkono huo, kunja ngumi kwa nguvu, haya sasa fungua. Alicheka, akaniuliza ndo masomo ya gita hayo, akakunja, akafungua. Na vidole vya mwanangu vikabaki vimejikunja, kisha vikaachia kimoja kimoja, na kidole kidogo cha mwisho.

"Mbona umenikodolea macho hivyo, Mama?" akasema. "Si ndo mkono unavyofanya kukiwa na baridi? Mie nlidhani wa kila mtu."

Nilimwambia yote, pale pale, nimekaa chini ya miguu yake. Kwanza alisema hapana. Kisha aliweka mkono juu ya tumbo. Nikamwambia avae abaya, daktari anatungojea. Mlangoni ilibidi nimshike kwa sababu ya ngazi, na tukawa tunashuka mkono kwa mkono, polepole, tunaelekea kwenye gari. Bi Thuraya alikuwa anarudi kutoka kwa jirani na sahani ya halwa. Akasimama kututazama. Uso wake wote ukafurahi.

"Mashallah," akasema. "Tazama alivyomshika mamake. Kalelewa huyu."

Nilikuwa nimelisikia neno hilo maisha yangu yote, na kila nikilisikia nikishukuru. Nilihisi vidole vya Raya vimenibana, sikujua ni khofu au ni ile nyengine. Nikasimama.

"Si malezi, Bi Thuraya," nikamwambia. "Ni maradhi. Njoo twende sote, nikusimulie njiani."

Alibaki na sahani yake mkononi. Kisha akaiweka juu ya ukuta wa bustani, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akaingia.